Msiisingizie Injini ya Mwalimu

Nyinyi vijana wa gereji, leo mtanisikiliza. Nimenyamaza muda mrefu kwa kujifanya mstaafu mwenye staha, na staha yenyewe imenipandisha presha bure. Ni kweli mgongo umegoma, magoti yanalia, na ovaroli yangu ya mwisho mke wangu ameikatakata matambara ya kupigia deki bila hata kuniuliza. Lakini masikio ninayo. Nikipita kwenye gereji zenu, kuanzia Ngamiani mpaka huku kwetu Mabawa, nasikia neno lile lile: "Imekufa hiyo, mzee." Gari halijafunguliwa, fundi ana simu sikioni, anachekacheka na mtu wake huko, na hukumu keshatoa. Imekufa! Nani kakwambia? Umeishika mapigo?

Nitawasimulia habari ya gari la Mwalimu Mwanaidi, kwa sababu imenikera kuliko yote niliyoyaona tangu nishike spana. Na nitasimulia kwa njia yangu, nikizungukazunguka, kwa hiyo msiniharakishe.

Gari lenyewe ni lile dogo la Kijerumani la zamani, la mgongo wa mviringo. Sisi tulikuwa tunaliita kobe. Injini yake iko nyuma. Nalisema hilo mapema kwa sababu mmoja wenu, simtaji jina, aliletewa kobe akafungua mbele, akakuta tairi la akiba na jeki, akamgeukia mwenye gari kwa huruma zote: "Pole sana baba, injini wameiba." Siku ile nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku hizi sicheki tena.

Injini hiyo haina rejeta wala haitiwi maji. Inapozwa kwa upepo wa feni, basi. Juu katikati kuna kabureta, ndipo petroli inapochanganyika na hewa. Kutoka hapo mchanganyiko unapita kwenye bomba lenye mikono miwili, mkono mmoja unakwenda silinda za kulia na mwingine za kushoto. Bomba hilo ndilo tunaloliita menifodi. Ni bomba tu, jamani. Halizunguki, halina meno, halina waya hata mmoja. Lakini likitoboka, hata tundu la kupita sindano, injini inavuta hewa ya wizi. Gari linaanza kukohoa. Likiwa limesimama silensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, mlio unapanda na kushuka wenyewe, na ukiachia mafuta linapiga baruti nyuma mpaka kuku wa jirani wanaruka. Ukilipuuza hivyo hivyo, unaunguza valvu. Hapo ndipo utasema injini imekufa, na utakuwa umeiua wewe.

Haya nilifundishwa na Mzee Eliasi, Mungu amrehemu, Mshambaa mmoja Mlutheri aliyekuja pwani kufanya kazi ya ufundi kwenye shamba la mkonge. Mtu mfupi, mkali, hajui kucheka kabla ya saa nne asubuhi. Ukifika na spana mkononi kabla hujasikiliza injini, anakunyang'anya. "Kwanza sikiliza," anasema. "Spana haitatoroka." Alikuwa na kipande cha mpira wa maji, upande mmoja anautia sikioni, upande wa pili anaupitisha taratibu kwenye kila kiungo cha menifodi. Penye hewa ya wizi, mpira unapiga mluzi. Kifaa chake cha kupimia kilikuwa hicho, na sikumbuki kimewahi kumdanganya.

Chini ya menifodi ya kobe kuna bomba jingine jembamba, linachukua moto wa eksozi na kulipasha joto lile la juu. Sasa mafundi wetu wa Tanga walikuwa na ujuaji wao. Walikuwa wanasema, Tanga hii yenye joto la kuchemsha yai barabarani, bomba la kupasha moto la nini? Hayo ni mambo ya Ulaya kwenye theluji. Basi wanakata kipande cha bati la kopo, wanakitia kati ya kiungo, wanaliziba, wanajipongeza. Mmoja aliziba la mchungaji fulani aliyekuwa akipanda Lushoto kwenye kipaimara. Kufika kwenye kona za Soni, ukungu umetanda, gari likakohoa mara mbili tatu na kuzimika. Mchungaji akashuka na waumini wake, wakaomba pembeni ya barabara, wakaimba na wimbo mmoja. Walipomaliza, gari likawaka. Likaenda kidogo, likazimika tena, wakaomba tena.

Walifika Lushoto hivyo hivyo, kwa sala na nyimbo. Mzee Eliasi aliposimuliwa hakutaka kubishana na mtumishi wa Mungu. Alifungua kile kiungo, akatoa kipande cha bati, akakitupa. Baadaye ndipo akaniambia mimi: petroli ikiwa inageuka mvuke inaleta ubaridi, na kwenye ukungu kabureta inashika barafu ndani. Ukisimama kidogo, joto la injini linaiyeyusha. Hata hapa hapa pwani, akanishikisha bomba kwenye gari lililozibwa, nikakuta linatoka jasho, baridi tupu, nje jua linawaka. Sikuwahi kuziba lile bomba maisha yangu yote.

Sasa turudi kwa Mwalimu. Mwalimu Mwanaidi ni jirani yangu, mtaa wa pili. Nusu ya watu wazima wa Mabawa amewafundisha kusoma yeye, mke wangu akiwemo. Mumewe alipofariki alimwachia kobe, na yeye hakuliuza wala hakuwagawia mashemeji. Aliliendesha. Kila Alhamisi alikuwa anakwenda Ushongo kwa dada yake, Bi Mgeni, ambaye amepooza miguu. Anashuka mpaka Pangani, anavuka na kivuko, anafuata njia ya ng'ambo hadi kijijini. Akifika anamwogesha dada yake, anamsuka, anambadilishia mashuka, wanalala wakipiga soga. Ijumaa baada ya sala anarudi. Gari lilikuwa linalala pale nje hatua chache kutoka baharini, na nyinyi mnajua chumvi inavyokula bati. Kwa hiyo menifodi kuliwa na kutu halikuwa jambo la ajabu.

Asubuhi moja akaja kwangu kwa miguu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mhando, gari langu limekufa."

"Kasema nani?"

"Abuu. Anasema kishafti kimekatika, nisijisumbue. Na Hemedi keshapata mtu wa kulinunua kama chuma chakavu."

Abuu nilimfundisha mimi. Gereji aliyonayo sasa ilikuwa yangu. Hemedi ni mtoto mkubwa wa Mwalimu, anafanya kazi Dar es Salaam.

"Lilizimika njiani?" nikamuuliza.

"Halikuzimika. Nililipeleka miye mwenyewe kwa Abuu, linakohoa tu."

Sikilizeni hapo. Kishafti ndicho chuma kinachozungushwa na pistoni zote. Kikikatika, gari haliendi hata likisukumwa na pepo. Sasa gari lililokatika kishafti lilijipelekaje gereji? Nikahisi kichwa kinapata moto, lakini nikamuuliza kwanza habari za dada yake.

Akatazama chini. "Nimeshakosa kwenda. Yule binti anayempikia hawezi kumnyanyua, anampangusa tu pale pale alipo. Basi mpaka Pangani nitapanda, lakini kule ng'ambo? Na nyonga hii, nipande pikipiki? Kama limekufa kweli niambie weye, Mhando, nitakuamini. Lakini nisipokwenda, nani atamwogesha Mgeni?"

Nilitoka hapo na kandambili, sikukumbuka hata kubadilisha viatu.

"Shikamoo, mzee," Abuu akasema akiniona.

"Marahaba. Nionyeshe hicho kishafti kilichokatika."

Akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Mzee, sijakifungua bado."

"Hujakifungua! Sasa ulikionaje? Kwa ramli?"

Wateja waligeuka. Nikasema na wageuke. Nikawasha kobe la Mwalimu mbele yao. Likawaka mara moja, jamani, mara moja! Mlio unapanda na kushuka, lakini linanguruma. Nikaagiza maji ya sabuni, nikanyunyiza kidogo kidogo kwenye viungo. Maji, si petroli. Wako wapumbavu wananyunyiza petroli kwenye injini ya moto, halafu wanauliza nyusi zao zimekwenda wapi. Nilipofika chini ya kabureta, pale bomba la moto linapokutana na menifodi, povu likavutwa ndani na mlio ukabadilika. Tundu. Tundu la kutu ambalo hata mtoto angelipata kwa kidole.

"Kishafti hicho hapo," nikamwambia.

Abuu akanivuta pembeni. "Mzee, usinifedheheshe. Hemedi ndiye aliyenipigia. Anataka mama yake aache kuendesha. Kasema nimwambie gari limekufa, yaishe kwa amani. Sasa mimi ningefanyaje? Ni mtoto wake."

"Na wewe ni nani? Si fundi?" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "Watu wanakuletea kitu wasichokijua, wanategemea mdomo wako! Kesho utamwambia mtu breki ni nzima kwa sababu shemeji yake kakupigia simu?" Nikaingia kwenye kobe, nikaliondoa likikohoa na kupiga baruti barabara nzima.

Kesho yake Hemedi akanipigia. Kwa adabu kabisa, shikamoo mzee, habari za nyumbani, magoti vipi. Kisha akaniomba nisilitengeneze. Akaniambia mama yake mara ya mwisho kwenye kivuko cha Pangani alilenga pembeni ya daraja la kushukia, wale vijana wa kivuko wakapiga mayowe, nusura tairi liingie majini. Kumbe alikuwa na hofu ya kweli. Hapo nikapoa kidogo, nisiwe mwongo. Lakini nikamuuliza, "Umemwambia mama yako?"

"Mzee Mhando, Abuu nilimweleza, lakini nitamwambiaje mama yangu mzazi kwamba haoni vizuri? Si utovu wa adabu huo?"

Mnaona? Adabu! Kumwambia ukweli ni utovu wa adabu, ila kumwongopea, kumuuzia gari lake, kumwacha dada yake bila kuogeshwa, hiyo ndiyo heshima. Tumeizoea tabia hii mpaka hatuioni. Mkubwa haambiwi, mkubwa anazungukwa. Na wa kutumwa kumzunguka ni fundi, maana chuma hakina mdomo wa kujitetea. Nikamwambia Hemedi, "Kama tatizo ni mama yako, zungumza na mama yako. Injini imekukosea nini?" Nikakata simu, na mimi si mtu wa kukatia watu simu.

Menifodi nyingine nilikwenda kuipata Muheza, kwenye mkweche wa kobe uliogeuzwa banda la kuku. Mwenye banda, mama mmoja wa Kibondei, alinizuia kwa sababu kuku alikuwa ameatamia juu ya injini. Tukamhamisha pamoja na mayai yake kwenye karai, taratibu, huku akinidonoa. Nimewahi kupata vipuri kwa njia ngumu zaidi.

Kazi yenyewe inataka subira, na hapa mnisikilize vizuri kuliko kote. Zile bolti za bomba la moto kwenye eksozi zitakatika ukizilazimisha. Zipake mafuta jioni, nenda kalale. Asubuhi zigonge kidogo, zilegeze robo, zirudishe, zilegeze tena. Dainamo na bati la feni lazima vinyanyuliwe, usijaribu kulipinda bomba lipite kwa chini kwa uvivu. Ukishalitoa, ziba matundu ya hedi, vile vichwa vya silinda, kwa kitambaa kisafi hapo hapo, kabla ya kupokea simu, kabla ya kumjibu mtu salamu. Nati moja ikidondokea humo, utashusha injini nzima. Kwangua gasketi za zamani mpaka chuma kiwe kitupu, weka mpya. Na msipake gundi ile nyekundu mnayoipaka kila mahali mpaka injini inaonekana imelambwa na mtoto mwenye jamu. Uso ukiwa safi na ukiwa sawa, gasketi inatosha.

Kisha kosa lenu kubwa. Mnakaza upande wa kulia mpaka mwisho, halafu mnakwenda kushoto mnakuta bomba halikai, mnalivuta kwa nguvu. Hapo limeshapindwa, na litavuja ndani ya mwezi. Shikisha nati zote kwa vidole kwanza, kulia, kushoto, na bomba la moto chini. Litingishe lijipangie lenyewe. Ndipo ukaze kidogo huku, kidogo kule. Nilimaliza, nikawasha, nikanyunyiza maji ya sabuni kila kona. Povu likabaki juu, mlio haukutetereka. Nilikaa kwenye kigoda nikausikiliza kwa raha zangu.

Mwalimu alipokuja kulichukua alikuwa amejifunga kanga mpya. Akausikia mlio, akashika mdomo. "Mhando! Kumbe lilikuwa hai?"

"Lilikuwa hai siku zote, Mwalimu. Tundu tu."

Akasema twende akalijaribu. Nikapanda naye. Akabadilisha gia kwa ulaini wa mtu aliyezaliwa nalo, nikajisemea, Hemedi ana wazimu. Tukatoka Mabawa, tukashika barabara kubwa. Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni wa madafu, mkubwa, umejaa, mwenyewe anausukuma katikati ya barabara mchana kweupe. Mwalimu anazungumza nami habari za Mgeni, mguu hauondoki kwenye mafuta. Nikangoja. Nikasema sasa ataona. Hakuona. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, gari likapiga kelele na kuzimika, na yule wa madafu akatutukania wazazi.

"Kuna nini?" akaniuliza. Jamani, aliniuliza kuna nini, na madafu yako puani.

Hapo nilijua kwamba zamu ni yangu. Nilikuwa nimewatukana Abuu na Hemedi kwa kuogopa, na sasa ulimi wangu ulikuwa umekwama mdomoni. Ningeweza kusema breki bado, nilirudishe nikaliangalie. Nilichomwambia ni hiki: "Mwalimu, gari lako ni zima kabisa. Wewe huoni."

Honi zinapigwa nyuma yetu, yeye ameshika usukani.

"Ni ukungu tu," akasema baadaye. "Nilidhani kioo kimechakaa."

"Si kioo."

"Hemedi anajua?"

"Anajua."

"Na Abuu?"

"Anajua."

"Kwa hiyo Tanga nzima inajua kuwa sioni, isipokuwa miye." Machozi yalimtoka, lakini sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Wangeniuzia gari langu, nikakaa barazani nikijilaumu kwa injini, na jicho linazidi kuzibika. Hakuna hata mmoja angenipeleka hospitali, maana nani anapelekwa hospitali kwa ugonjwa wa gari?"

Akachomoa ufunguo, akaniwekea mkononi. "Kaa nao. Asipewe mtu, hata Hemedi akija analia." Tukabadilishana viti.

Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, jambo la kufanyiwa upasuaji na kurudi nyumbani. Jambo la kupona, mnasikia? Wakati anasubiri, Alhamisi zote za kwenda Ushongo dereva alikuwa Abuu. Nilimwambia achague, aendeshe au nisimulie gereji zote za Tanga habari ya kishafti chake. Aliendesha. Mpaka kumbeba Bi Mgeni kumtoa nje akapigwe na upepo, alimbeba. Hemedi alikuja kweli, akauomba ufunguo kwa upole sana. Nikamwambia upo, na mwenyewe yupo, akamwombe mwenyewe. Akaenda. Walizungumza nini sijui, ila nilimwona akitoka ameinamisha kichwa, na kesho yake ndiye aliyempeleka mama yake kupasuliwa.

Macho yote mawili yaliposhughulikiwa na daktari akamruhusu, Mwalimu alikuja kwangu asubuhi, Hemedi yuko nyuma yake kabeba kikapu. Nilikuwa nimekaa kibarazani. Akasimama mbele yangu, akaniangalia, akaendelea kuniangalia mpaka nikaanza kujishika vifungo vya shati.

"Mhando."

"Naam, Mwalimu."

"Kumbe umezeeka hivi, na hakuna aliyeniambia?"

Kisha akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Akamwambia Hemedi aweke kikapu nyuma na akae vizuri, wanawahi kivuko.